Mama akisema maziwa hayatoki, muulize na usingizi

Binti yangu alizaliwa Agosti, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani ikiwa inaendelea. Huwa ni tarehe 1 hadi 7 kila mwaka, na wodi ya wazazi niliyolazwa ilikuwa imebandikwa mabango ya akina mama wanaotabasamu huku wamewapakata watoto. Nesi alipita kitanda kwa kitanda akitukumbusha: mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa 1 ya kwanza, anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, kisha aendelee mpaka miaka 2 na zaidi huku akila chakula kingine. Yote nilikuwa nayajua. Kaka yake nilimnyonyesha mpaka akawa anayaomba kwa maneno, na mimba hii ya pili yote sikuwahi kuingiwa na hofu ya kunyonyesha.

Nayaandika haya kwa sababu ya kilichofuata, na kwa sababu mimi ni fundi cherehani. Kwenye baraza yangu hapa Mikindani, Mtwara, wanawake wanakuja kupima madera na sare za harusi wakiwa na vichanga, na mwanamke akishashikwa na futi ya fundi huwa anazungumza. Wengi wananiambia maneno yaleyale niliyokuwa nayo mimi mdomoni mwaka ule: maziwa hayatoki. Siku hizi nikiyasikia siishii kwenye maziwa.

Arobaini nilikaa Newala kwa mama yangu. Newala iko juu, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na moto wa mzazi hauzimwi. Mama alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akaninywesha uji wa pilipili manga, akanipikia kisamvu na njugu mawe, na usiku mtoto akilia yeye ndiye aliyeamka kwanza. Kazi yangu ilikuwa kutoa titi. Kufua sikufua, kuni sikuzigusa, na mwanangu mkubwa alishinda na wajomba zake. Chuchu zilikuwa zimeanza kuchanika, lakini mama alisema zitazoea, na nikiwa pale maumivu yale niliyaweza.

Nikashuka mwishoni mwa Septemba. Mtu wa huku anajua Oktoba ni mwezi gani. Minada ya korosho inafunguliwa, malori yanateremka kutoka Tandahimba, Newala na Masasi, maghala hayalali, na baba watoto ni kibarua wa kupakia na kushusha magunia. Pesa ya mwaka mzima inatafutwa katika miezi ile michache. Alikuwa anatoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi watoto wamelala. Simlaumu, msimu ni msimu. Lakini ndani ya siku moja nilitoka kwenye nyumba yenye mama, shangazi na mawifi, nikaingia kwenye nyumba yenye mimi, mtoto wa miaka 4 na kichanga.

Basi nikawa nakaa ukingoni mwa kitanda, nimempa titi la kushoto, vidole vya miguu nimevikunja kwa maumivu. Anavuta kidogo, anaachia, analia, anajirusha nyuma. Namhamishia la kulia, vilevile. Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kuanzia magharibi mpaka saa nne za usiku ni kilio, na joto la kabla ya mvua limetulia ndani ya nyumba.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, alisema maziwa yangu mepesi, nimwanzishie uji wa mchele. Mtoto alikuwa hajafika miezi 3. Jirani alisema nina majonzi, na majonzi yakiingia kwenye maziwa mtoto anayanywa. Mwingine akaninong'oneza kwamba mtoto amebemendwa, nimuulize vizuri mume wangu huko maghalani anashinda na nani.

Hili la kubemenda niliseme wazi, maana limebomoa nyumba nyingi huku kwetu. Mtoto hadhoofiki kwa sababu baba yake au mama yake amelala na mtu. Anadhoofika kwa kukosa chakula cha kutosha, kwa malaria, kwa kuharisha, kwa nimonia, na magonjwa hayo yana dawa hospitali. Lakini neno lenyewe likishatamkwa kwa mwanamke aliyechoka, halitoki. Nilikuwa namtazama baba watoto anavua shati lenye vumbi la magunia na moyo unanienda mbio, mwenyewe hajui hata nawaza nini.

Mambo mengine yalikuja polepole kiasi kwamba sikuyaona. Mtoto akilala, mimi silali. Nakodolea macho bati, nasubiri alie. Chakula nakipika, nakipakua, nakiacha. Watu wakija naongea nao vizuri na wakiondoka siwezi kukumbuka walikuja kwa shida gani. Kuna dera la mteja lilikaa kwenye cherehani yangu, mkono mmoja umeshashonwa, wa pili umelazwa juu ya meza. Nilikuwa nakaa, naweka mguu kwenye pedeli, nashika zile ncha mbili zinazotakiwa kukutana, na siwezi kujua upande upi ni wa mbele. Mimi ambaye nashona tangu nimalize darasa la saba. Nikaona basi, kama mkono wa dera umenishinda, mtoto nitamuweza wapi? Na hapo ndipo wazo lilipoingia kwamba watoto hawa wangekuwa salama zaidi Newala kwa bibi yao, mimi nisiwepo kabisa. Sikumwambia mtu. Nilichokuwa nasema, kwa kila aliyeniuliza hali, ni kwamba maziwa hayatoki.

Nilikwenda kliniki nikasema hivyohivyo. Mtoto akatundikwa kwenye mizani, kadi ikajazwa, nikaambiwa uzito umepanda, hakuna tatizo lolote, mwingine aje. Unajua niliwaza nini nikiwa natoka? Kwamba mizani ile imeharibika.

Mizani ilikuwa nzima. Kichanga akiongeza angalau gramu 500 kwa mwezi katika miezi 6 ya kwanza, na akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, basi maziwa anayapata. Binti yangu alikuwa na vyote viwili. Nepi zake zilijaa kamba, nilizifua mimi mwenyewe kila siku, na bado niliamini nina mtoto mwenye njaa. Ndiyo maana nasema mama wa namna hii kumwambia tu "mtoto yuko vizuri" hakumsaidii. Amekuja na taarifa ya kwake mwenyewe, ila ameileta kwa jina la maziwa, kwa sababu maziwa ni jambo ambalo mzazi anaruhusiwa kulalamikia. Akisema hana furaha na mtoto aliyepewa na Mungu, ataonekana vipi?

Aliyenisikia ni nesi mtu mzima wa zahanati nyingine niliyokwenda kumchanja mtoto. Nilipomwambia maziwa hayatoki hakubisha. Alivuta kiti, akasema, "Hebu mnyonyeshe nikuone, mwanangu." Nikampakata kama nilivyozoea, akaniacha kidogo, kisha akaanza kurekebisha kimoja kimoja. Tumbo la mtoto likagusa tumbo langu, maana mimi nilikuwa nimemlaza chali na kumgeuza shingo tu. Pua yake ikaelekea kwenye chuchu. Akaniambia nisimsukumie, nimguse mdomo kwa chuchu nisubiri afungue kama anayepiga miayo, halafu nimvute yeye aje kwenye titi, titi lisimfuate yeye. Kidevu kikazama kwenye titi, mdomo wa chini ukapinduka kwa nje, na ule weusi unaozunguka chuchu ukaonekana zaidi juu kuliko chini. Nikasikia anameza. Maumivu ya kukunja vidole hayakuja.

Nilianza kulia palepale. Yeye akaendelea kumtazama mtoto, akauliza bila kunitazama, "Huyu akilala, na wewe unalala?"

"Hapana, mama."

"Hata akilala saa tatu mfululizo?"

"Hata akilala usiku kucha."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama nakula, kama kuna kitu kinanifurahisha, kama najilaumu, na mwisho, kwa sauti ileile ya kawaida, kama nimewahi kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, kwa hiyo sikuwa na jibu la uongo nililoliandaa. Nikasema kweli. Hakushtuka, hakuniita jina baya. Alimpigia simu mume wangu yeye mwenyewe, na siku ileile nikapanda bajaji na barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Ligula, baba watoto akanikuta huko bado ana vumbi la ghala.

Nilichoambiwa huko ni kwamba nina sonona baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya akili. Machozi ya siku za mwanzo ni jambo jingine: yanakuja kama siku ya 3 hadi ya 5, wazazi wengi sana wanayapata, na ndani ya wiki 2 yanakuwa yamepita yenyewe. Sonona haipiti hivyo. Inaweza kuanza baada ya wiki kadhaa au miezi, wakati watu wameshaacha kuleta uji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya kila 100 waliojifungua wanapata tatizo la afya ya akili, na kubwa kati ya hayo ni sonona. Maswali niliyoulizwa, nimekuja kujua, yanashabihiana na yale 10 yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987, yanayomuuliza mama kuhusu siku 7 zilizopita. Moja linauliza kama umejilaumu bila sababu pale mambo yalipokwenda vibaya. Ningeulizwa hilo mwezi mmoja kabla, lingetosha.

Sasa, je, kunyonyesha kulinileta kwenye sonona, au sonona iliniharibia kunyonyesha? Nilimuuliza daktari swali hilo, akasema vyote viwili vinasukumana. Kuna homoni mbili. Prolaktini inatengeneza maziwa, na usiku inakuwa juu zaidi. Oksitosini inayasukuma yatoke. Maumivu, hofu na wasiwasi vinaizuia oksitosini kwa muda, kwa hiyo mama mwenye chuchu zilizochanika na moyo unaokimbia anaweza kuwa na maziwa ndani na yakachelewa kushuka. Mtoto anakasirika, anavuta vibaya, chuchu inachanika zaidi, mama anakosa usingizi, hofu inaongezeka. Titi lisiponyonywa vizuri likabaki limejaa, nalo linapunguza kutengeneza. Mwisho maziwa yanapungua kweli, na wote waliosema maziwa yako hayatoshi wanaonekana walikuwa wakweli.

Baadaye nikasoma jambo ambalo limenikaa kichwani kuliko yote. Mwaka 2014 watafiti Cristina Borra, Maria Iacovou na Almudena Sevilla walichapisha uchambuzi wa taarifa za akina mama wapatao 14,000 waliojifungua eneo la Bristol, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kati ya wale ambao hawakuwa na sonona wakati wa ujauzito, waliokuwa na hatari ndogo kabisa ya kuipata ni waliopanga kunyonyesha na wakanyonyesha. Waliokuwa na hatari kubwa kabisa ni waliopanga kunyonyesha na wakashindwa. Kwa hiyo titi peke yake halisemi yote. Lazima ujue pia mwanamke alikuwa ametamani nini.

Wafikirie sasa wanawake wa Mtwara na Lindi. Kule Uingereza wapo wengi ambao tangu mimba wanapanga kutumia maziwa ya kopo. Huku kwetu mwanamke mwenye mimba aliyepanga kutonyonyesha mimi sijamuona. Sote tunapanga. Mama zetu wamenyonyesha, kungwi amesema, nesi amesema, bango limesema. Nalipenda sana jambo hilo, na nitamtetea mtu yeyote anayefundisha kunyonyesha. Lakini maana yake ni kwamba sote tuko upande ule ambao mambo yakiharibika mwanamke anaumia zaidi, na kwa mzazi wa Nanyamba au Nachingwea kopo halipo la kukimbilia, au lipo na bei yake ni pesa ya kibarua cha siku nyingi. Ukimpa mwanamke lengo kubwa namna hiyo, mpe na mtu wa kumshikia mtoto, mtu wa kutazama anavyompakata, na mtu wa kumuuliza amelala vipi.

Mimi nilipata hao wote, nikiwa nimeshachelewa kidogo. Mama alishuka kutoka Newala na kanga zake mbili na akakaa mpaka msimu ukaisha. Baba watoto akawa akirudi usiku anamchukua mtoto akishanyonya, anamcheulisha, anatembea naye barazani mpaka asinzie, mimi nimefunga mlango wa chumba. Saa nne za usingizi wa mfululizo ni dawa, naapa. Na dawa yenyewe pia nilipewa, pamoja na kwenda kuzungumza na mshauri. Niliogopa sana vidonge kwa ajili ya mtoto. Daktari akanieleza kwamba zipo dawa za sonona ambazo mama anazitumia na kuendelea kunyonyesha, kwa mfano sertralini, ambayo inaingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno. Kitu cha kufanya ni kumwambia daktari mapema kwamba unanyonyesha, na usiziache ghafla ukijiona umepata nafuu. Na lile la majonzi kuingia kwenye maziwa halina ukweli. Maziwa ya mama mwenye huzuni yanalisha kama ya mama mwenye raha.

Kupona kulichukua miezi. Siku moja nilijikuta nimeshona mkono wa pili wa lile dera na sikukumbuka nilianza saa ngapi.

Nisieleweke kwamba kila mama mwenye sonona atapona kwa kurekebishiwa mkao wa mtoto. Nina rafiki Lindi, mwalimu, ambaye kwake ilikuwa kinyume. Likizo yake ya siku 84 iliisha (wa mapacha wanapata 100), akarudi shuleni, akawa anakamua usiku, anafundisha mchana, analia chooni. Hakuwa anajua kwamba sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto wake. Hata alipozipata, kila akimweka mtoto kwenye titi alijisikia kuzama. Yeye na daktari wakakubaliana apunguze polepole, mtoto apewe maziwa mengine kwa kikombe kisafi, na yeye abaki na titi la usiku na alfajiri. Nafuu ikaja. Kuna ndugu waliomsema. Waumini wenzangu wanapenda kuitaja aya ya Kurani ya kunyonyesha miaka miwili kamili, na ni kweli imo, lakini ni kwa anayetaka kukamilisha, na aya hiyohiyo inawaruhusu wazazi kumwachisha mtoto kwa kuridhiana na kushauriana. Mama asiambiwe nusu. Ila kuachisha kwa siku moja ni hatari, matiti yanajaa mpaka yanafanya jipu, na moyo wa mama aliye dhaifu unaweza kushuka zaidi. Kupunguza kuwe kidogo kidogo.

Kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, nililetewa na nikalinywa kwa heshima, na dua niliitikia amina. Sioni ugomvi hapo. Ninachoomba ni kwamba watu wasimfungie mzazi ndani wakisubiri jini limpande liseme. Hasa akiwa anasikia sauti, halali kabisa na wala hasikii uchovu, anasema mtoto si wake au amebadilishwa, anaongea visivyounganika. Hiyo ni hali nyingine, si ya wengi, kama mama 1 au 2 kati ya kila 1,000, na mara nyingi inaanza katika wiki 2 za mwanzo. Huyo haachwi peke yake na mtoto hata dakika moja, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Na yule aliyekuambia anatamani asiwepo, kama nilivyotamani mimi, naye haachwi peke yake, anapelekwa vilevile.

Jumamosi iliyopita alikuja msichana wa hapa Mikindani kupima gauni la harusi ya wifi yake. Mtoto wake wa kwanza, hajamaliza miezi 2. Nikazungusha futi kifuani, akasema, "Dada, andika kidogo tu, maana maziwa yenyewe hayatoki." Nikamkalisha, nikamwambia amnyonyeshe. Mtoto alikuwa anameza vizuri tu. Nikamuuliza mtoto akilala na yeye analala? Akanyamaza, akaanza kukunja kona ya kanga.

Alhamisi tunakwenda wote kwa yule nesi. Mume wake yuko baharini, ila nimeshaongea na mama mkwe wake, nikampa shikamoo na habari yote kama ilivyo, na amesema atakuja kulala pale kuanzia leo. Gauni nitalimalizia wiki ijayo.